Tundu moja la chupa, kopo na kahawa

Swali: "Nina karakana ndogo ya kushona viti vya magari hapa Maweni, Malindi. Madereva wa van za watalii wameniomba niwatengenezee sanduku la katikati ya viti lenye matundu ya kuwekea vinywaji. La kwanza nilitoboa tundu la sentimita 8. Kopo la soda linacheza ndani yake, chupa za chuma za wageni haziingii, na vile vikombe vidogo vya kahawa vinazama. Nitoboe kipenyo gani kitakachofaa vyombo vyote, na nitumie vifaa gani? Dereva mmoja wa tuktuk naye anataka."

Jibu:

Dada yangu, kipenyo hicho hakipo. Kopo la soda la mililita 330, lile nene tulilolizoea, lina kipenyo cha milimita 66. Lile jembamba refu la ujazo huohuo ni kama 58. Kopo la mililita 250 la vinywaji vya kuongeza nguvu ni 53. Chupa ya maji ya nusu lita huwa karibu 65, na chupa za lita moja wanazobeba wageni, za chuma au za plastiki ngumu, nyingi hukaribia 90. Kutoka 53 hadi 90 ni mbali mno. Tundu lolote utakalotoboa litampwaya mmoja na kumbana mwengine, na hilo la sentimita 8 limeangukia katikati, halimfai yeyote.

Kwa hiyo toboa tundu la kupokea chombo kikubwa kuliko vyote, kisha weka ndani yake mpira unaosogea kukifuata chombo kidogo. Hapo ndipo kazi yote ilipo, na nitakueleza namna ya kuifanya kwa vifaa vinavyopatikana mjini.

Kwanza nikwambie kwa nini nalishikia uzito jambo hili. Chupa ya chuma ya lita moja iliyojaa ina zaidi ya kilo moja. Ikitoka mahali pake dereva anapopunguza mwendo, inaviringika mbele kwenye miguu yake, na ikilala chini ya pedali ya breki, pedali inagota njiani. Dereva aliyebeba familia ya watu saba kutoka Watamu hana muda wa kuinama kuitafuta. Maji kumwagika kitini ni hasara ndogo. Sanduku lako lina kazi ya kuhakikisha chupa haifiki kwenye pedali, na ukilitengeneza kwa nia hiyo utajua wapi pa kubana na wapi pa kulegeza.

Na usishangae kwamba matundu ya kiwandani hayawasaidii madereva wako. Magari mengi ya mitumba yanayotufikia yametoka Japani, na matundu yake yalichorwa kwa vinywaji vya Japani: kikopo cha kahawa cha milimita 53, kopo la mililita 350 lenye 66, chupa ya plastiki ya nusu lita. Huku kwetu mambo yamegeuka. Tangu tarehe 5 Juni 2020, plastiki za kutumia mara moja zimepigwa marufuku katika maeneo ya hifadhi nchini Kenya, kwa hiyo mgeni anayekwenda Hifadhi ya Bahari ya Malindi, au anayeingia Tsavo Mashariki kwa lango la Sala, haruhusiwi kuwa na maji ya chupa ya dukani. Ndiyo maana chupa za chuma zimejaa kwenye van. Marufuku hiyo ni nzuri kwa bahari yetu, ila imeleta ndani ya gari chombo kizito na kinene ambacho mchoraji wa gari lile hakukifikiria.

Sasa tazama chupa inavyoanguka. Chukua ya lita moja, kipenyo milimita 80, kimo 260. Ikijaa, kitovu cha uzito wake kiko kama milimita 120 kutoka chini. Ikisimama sakafuni bila kushikwa, nusu ya kipenyo chake ni 40, na 40 ukigawa kwa 120 ni theluthi. Maana yake gari likifunga breki kwa theluthi moja ya nguvu ya mvutano wa dunia, chupa inalala. Breki ya namna hiyo haihitaji ajali. Mbuzi akikatiza barabara inatosha, au tuta ambalo dereva amechelewa kuliona.

Ukiitia chupa tunduni, kinachoamua ni pengo na kina. Sema tundu ni 80, chupa ni 70, kina ni 60. Chupa itainama mpaka iguse ukingo, na kwa kimo chake cha 260 mdomo utakuwa umesogea zaidi ya sentimita 4. Kila shimo la barabarani, sentimita 4 huku, sentimita 4 kule. Mafundi wengi wakiona hivyo wanaongeza kina. Ongeza hadi 75, mdomo bado unasogea sentimita tatu na nusu. Ziba lile pengo la milimita 10 pale juu kwenye ukingo, na chupa inatulia, hata kina kikibaki palepale. Ukiwa na nguvu ya kufanya jambo moja tu, basi ziba pengo la juu.

Kina nacho kina mpaka wake, na mpaka huo unawekwa na vyombo vifupi. Kopo nene la 330 lina kimo cha milimita 115. Likizama 75, zinabaki 40 za kushikia vidole. Likizama 100, abiria atalichokonoa kwa ncha za kucha. Mimi ningesimama kwenye 75 kwa van, na wala nisingejaribu zaidi.

Haya, kazi yenyewe. Juu ya sanduku weka plaiwudi ya milimita 12 na utoboe tundu la 95. Chini ya tundu simamisha kipande cha bomba la plastiki la maji machafu, lile la milimita 110. Kipenyo chake cha ndani ni zaidi ya 100, kikubwa kuliko tundu lako, na tofauti hiyo tunaihitaji, utaona sasa hivi. Kati ya plaiwudi na bomba bana kipande cha mpira wa tyubu. Katikati ya mpira kata duara la milimita 45, halafu kutoka kwenye duara hilo chana mikato minane kwenda nje, ikomee milimita 3 kabla ya ukingo wa tundu. Mwisho wa kila mkato toboa kitundu kidogo cha mviringo, vinginevyo mpasuko utaendelea wenyewe kila siku mpaka ulimi udondoke. Utapata ndimi nane. Chupa ya 90 ikiingia, ndimi zinalala chini na kujificha kwenye ile nafasi ya bomba, ndiyo maana bomba lazima liwe pana kuliko tundu. Kopo la 53 likiingia, ndimi hazisogei sana, lakini zinaligusa pande zote na kulizuia lisicheze.

Tyubu ya lori ni nene na inatosha kipande kimoja. Ya gari dogo ni nyembamba, kwa hiyo weka vipande viwili na uzungushe cha pili ili mikato yake iangukie katikati ya ndimi za kwanza. Nimeichagua tyubu kwa sababu nyingi hutengenezwa kwa mpira wa butili, na butili huvumilia joto na hewa bila kupasukapasuka haraka. Gari lililofungwa juani, ndani yake hewa hupanda kama nyuzi 20 juu ya ile ya nje ndani ya nusu saa, na dashibodi hupanda zaidi ya hapo. Malindi mchana wa Februari si mahali pa mpira dhaifu. Nakutahadharisha na soli za ndala, ambazo najua utazifikiria kwa kuwa ni rahisi kupatikana na hazinyonyi maji. Zikikandamizwa kwenye joto hubonyea na hazirudi. Zitumie kama mkeka wa chini, usizipe kazi ya kubana. Sponji ya godoro usiitie kabisa, itanyonya soda na kunuka ndani ya wiki.

Akija kijana akakwambia atakuchapia kila kitu kwa printa ya 3D, ile mashine inayojenga vitu kwa plastiki, muulize anatumia plastiki gani. Ile inayotumika sana, PLA, huanza kulainika karibu na nyuzi 60, na hicho kishikilia kitapinda siku ya kwanza gari likiegeshwa bila kivuli. PETG huhimili hadi karibu 80. ABS na ASA huhimili zaidi, karibu 100. Bomba lako la PVC liko karibu na 80, nalo limefichwa ndani ya sanduku mbali na kioo, kwa hiyo halina shida.

Sakafu ya tundu wengi hawaiangalii, na hapa pwani ndipo panapoharibikia. Chupa ya maji baridi hutoa jasho kwa unyevu wa hewa yetu. Maji yanakusanyika chini, plaiwudi inavimba, na kitako cha chupa kinanata kwenye mpira uliolowa mpaka ukiivuta inatoka kwa kishindo na kumwaga. Katikati ya sakafu chonga kishimo cha kipenyo cha 68, kina milimita 12, ili kopo nene likae humo na kitako chake kisitembee, na chupa kubwa zikae juu ya ngazi inayobaki. Hesabu ile 75 ya kina kutoka chini ya kishimo hiki. Ndani ya kishimo gundisha vijiti vitatu vyembamba vya mpira ili hewa ipite chini ya kitako, na utoboe tundu la kutolea maji la milimita 8 linalomwaga kwenye kitreya kinachochomoka. Ukikuta waya zinapita sakafuni chini ya sanduku, zisogeze au usitoboe. Plaiwudi iwe ya kuhimili maji, au uipake vanishi ya boti pande zote, hasa kwenye kingo ulizokata, kwa sababu maji huingilia hapo. Na sanduku lifunguke. Mchanga wa ufukweni utajaa humo, utake usitake.

Vile vikombe vya kahawa vinavyozama sasa. Malindi kuna Wataliano wengi na kahawa yao ni ndogo, kikombe cha karatasi cha kimo cha kama sentimita 6, chembamba chini na kipana juu. Usijaribu kukiingiza kwenye mfumo wa ndimi. Ndimi zitakibana na karatasi yenye kahawa ya moto itabonyea. Kitengenezee kifuniko chake: duara la plaiwudi la milimita 8 linalokaa juu ya tundu kubwa, upande wa chini limegundishwa pete ya 93 inayoingia kwenye tundu la 95 ili lisiteleze. Katikati toboa tundu dogo. Pima kikombe kwa juu na kwa chini, tundu lako liwe kati ya vipimo hivyo, likielekea cha juu, ili kikombe kining'inie kwa ubavu wake. Vikombe vikubwa vya karatasi havina haja ya kifuniko, kwa sababu vinapanuka kwenda juu na ndimi hazivizuii kutoka. Kikombe chenye mkono kinataka mfereji wa milimita 25 ukatwe kwenye plaiwudi na bomba, upande unaomtazama abiria.

Kinywaji cha moto kikae chini ya usawa wa mapaja ya mtu, kila mara. Mwaka 1992 huko Albuquerque, Marekani, Stella Liebeck, mama wa miaka 79, alikuwa ameketi kwenye gari lililosimama ambalo halikuwa na kishikilia kikombe. Akakibana kikombe cha kahawa kati ya magoti ili afungue kifuniko, kahawa ikamwagika, ikamuunguza vibaya mapajani. Kesi yake ya mwaka 1994 inakumbukwa kwa fidia na mabishano. Mimi nikiisoma naona zaidi mahali alipolazimika kukiweka kile kikombe. Wakati ule si magari yote yaliyokuwa na vishikilia vya maana, hata huko. Chrysler walivitia kwenye van zao ndogo za familia mwaka 1983, na kabla ya hapo magari mengi yalikuwa na miduara ya kina kifupi tu kwenye kifuniko cha kisanduku cha dashibodi, ya kutumia gari likiwa limeegeshwa.

Kuhusu mahali pa sanduku, liweke nyuma ya mkono wa gia, ulipe chupa ndefu kuliko zote, kisha umwambie dereva apitishe gia zote na avute handbreki hadi juu. Kiwiko chake kikigusa chupa mara moja, rudisha sanduku nyuma. Vifungio vya mikanda vibaki wazi. Sanduku lenyewe lifungwe imara, maana sanduku linaloteleza likiwa na chupa nne ni hatari kuliko chupa moja, lakini usilegeze bolti za kiti wala za mkanda ili kulifunga. Na mtu akikuomba umgundishie kishikilia kwenye dashibodi mbele ya abiria, kataa. Nyuma ya dashibodi pale, kwa magari mengi, kuna mfuko wa hewa wa usalama, na chochote kilicho juu yake kitarushwa usoni kwa abiria.

Kuna jambo jengine la kuangalia kuhusu sanduku la katikati. Usukani wetu uko kulia, kwa hiyo kinywaji cha katikati kinamjia dereva kwa mkono wa kushoto. Madereva wako wengi hawanywi kwa kushoto. Watachukua kwa kushoto, wahamishie kulia, na kwa nukta hiyo usukani hauna mkono. Kwa dereva, kwa hiyo, tafuta nafasi upande wa kulia, kati ya mlango na usukani. Baadhi ya magari ya Japani yana kishikilia cha kuvuta pale mbele ya tundu la kiyoyozi la pembeni, na hewa baridi inampozea maji yake. Lakini vile vya kuvuta ni vyembamba, havibebi chupa ya kilo moja. Kopo au nusu lita basi. Na anywe gari likiwa limesimama.

Ukimaliza sanduku la kwanza, usimpe mteja kabla ya kulijaribu. Lifunge kwenye ubao wa mita moja, ujaze vyombo vyote maji, kisha unyanyue ncha moja ya ubao nusu mita. Hapo umepata mwinamo wa nyuzi 30, na kwa chupa ni sawa na breki ya zaidi ya nusu ya nguvu ya mvutano. Chombo chochote kikianguka au kikichomoka, ongeza unene wa mpira. Jaribu pia kikombe cha karatasi kitupu: kiingie kwa msukumo wa kidole kimoja na kitoke bila kukunjika. Kikikunjika, mpira ni mgumu mno, punguza upana wa ndimi. Baada ya hapo mwombe dereva aende nalo safari moja ya barabara ya vumbi na kurudi, kwa sababu mtikisiko wake hufungua skrubu ambazo ubao hauwezi kuzifungua.

Kama kuna dereva anayekwenda sana ndani ya Tsavo, muongezee pete ya pili ya chuma iliyovishwa mpira, inayosimama sentimita 13 juu ya sakafu ya tundu na kulala isipotumika. Inaishika chupa ndefu karibu na kitovu chake cha uzito, na hapo hakuna shimo litakaloishinda. Chupa za lita moja na nusu usizihangaikie, ziende kwenye mfuko wa mlango. Wateja watakuuliza pia juu ya dafu. Dafu zima, kwa wanaolibeba hotelini, likae sakafuni juu ya kata ya makumbi, kama mtungi. Lililokwisha kuchongwa linywewe palepale kando ya barabara liishe, kwa sababu hakuna kishikilia kinachozuia maji yasiruke kupitia mdomo uliowazi.

Tuktuk ni habari nyingine, na hapo una bahati kwa sababu wewe ni mshonaji. Plaiwudi na bomba havifai, mtetemo wa injini utavilegeza na nafasi yenyewe hakuna. Shona mfuko wa turubai wenye mzingo wa milimita 300, maana chupa ya 90 ina mzingo wa kama 283. Ndani yake pitisha mipira miwili ya kiunoni, ile mipana, mmoja kwenye milimita 50 kutoka chini na mwengine kwenye 95, usiuweke juu zaidi, usije ukafunga juu ya kopo fupi. Kila mmoja, kabla ya kuvutwa, uwe na mzingo wa 160, kwa kuwa kopo jembamba la 53 lina mzingo wa 166 na tunataka hata lenyewe libanwe kidogo. Mpira uchague unaovutika karibu mara mbili ya urefu wake. Kitako cha mfuko kiwe cha wavu ili maji yachuruzike. Ufunge kwenye kizuizi nyuma ya dereva, usawa wa mkono wa abiria aliyeketi, kwa mikanda miwili, wa juu na wa chini, usibembee. Kwenye usukani usifunge kitu. Uzi uwe wa poliesta, kwa sababu wa pamba utaozeshwa na unyevu wa pwani kabla turubai haijachakaa.